Trekta Kuukuu: Soma Chuma Kabla ya Kulipa

Mwezi huu nimepokea barua mbili zinazofanana. Moja imetoka kwa mwalimu wa Mlali, ambaye yeye na jamaa zake wanataka kununua trekta la zamani kwa shirika. Ya pili imetoka kwa mwalimu mwingine, ambaye shule yake imepewa mashine ya kukata majani, ya namna ile ambayo mtu huketi juu yake na kuiendesha, wala hakuna ajuaye umri wake. Wote wawili wauliza neno moja: Twawezaje kuijua mashine kuukuu, na tukiisha kuijua tuitunzeje? Nimeona vema kuwajibu hapa, ili na wengine wafaidike. Trekta nitalitanguliza, kwa kuwa ndilo lenye gharama kubwa na hatari kubwa.

Kila msomaji wa pande hizi ajua jinsi nchi yetu ilivyo. Huko juu Uluguru, penye miteremko ya Mgeta, chombo kifaacho ni jembe la mkono, wala simshauri mtu kupeleka trekta huko. Lakini huku chini, tangu Mzumbe na Mlali hata uwanda wa Mkata, nchi imenyooka, na mvua za masika hazimngoji mtu. Alimaye kwa wakati huvuna. Achelewaye majuma mawili hukuta magugu yamemtangulia. Trekta jipya ni mali ya matajiri. Basi watu wa nyumba za kawaida hutafuta la zamani, lililofanya kazi katika mashamba ya mkonge au ya miwa, tena lililouzwa mara tatu au nne tangu litoke kiwandani. Jambo hilo si baya. Chuma kilichotunzwa huweza kudumu kuliko umri wa mtu. Lakini anunuaye bila kujua hununua jina tu.

Nataka kwanza kukiri kosa langu, maana mashauri yangu yatoka katika kosa hilo. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa nyumba sita, nasi tulikusanya fedha muda wa mavuno mawili. Mmoja wetu alikuwa mama mjane, ambaye aliuza mbuzi wake wote isipokuwa mmoja ili apate fungu lake. Wenzangu walinichagua mimi niende kulitazama trekta, wakisema, "Mwalimu ndiye ajuaye kusoma." Nilikwenda. Nililikuta jekundu, linang'aa kama sufuria mpya, nalo limeandikwa 35 ubavuni. Mwenye kuuza akaniambia ni Massey Ferguson 35 lenye injini ya silinda tatu, ambayo spea zake si shida kupatikana. Nilisoma karatasi zake zote, nikaona mihuri iko sawa. Nikapiga magurudumu kwa mguu, nikaketi kitini, nikalipa.

Tulilipokea nyumbani kwa furaha. Asubuhi ya kwanza yenye baridi likakataa kuwaka, tukalisukuma. Asubuhi ya pili vivyo hivyo. Kisha, katikati ya kulima, rejeta iliyozibwa na mbegu za majani ikachemka, na gasketi ya hedi ikaungua. Fundi alikuwa mbali, akaniuliza kwa simu ni injini gani. Nikamjibu kwa ujasiri, "Silinda tatu." Tukaagiza gasketi kutoka Dar es Salaam kwa fedha za kukopa. Sanduku lilipofunguliwa, gasketi ilikuwa na matundu matatu makubwa, na injini yetu ilikuwa na manne.

Mvua za masika zikapita, na trekta limesimama chini ya mwembe. Tulirudi kwenye jembe la mkono, nasi tulikuwa tumekwisha kuchelewa. Yule mama hakunitukana. Alikuja siku moja, akaliangalia trekta, akahesabu kwa kidole mirija ya dizeli inayoingia katika injini: moja, mbili, tatu, nne. Kisha akaniambia, "Mwalimu, ulisoma karatasi, hukusoma chuma." Neno lile liliniingia. Basi nawaandikieni namna ya kukisoma chuma.

KULIJUA

Kwanza, msiitegemee rangi. Rangi huuzwa dukani kwa kopo, na mtu yeyote aweza kulivika trekta vazi jipya kwa siku moja. Wala msitegemee maandishi ya ubavuni, kwa kuwa boneti hubadilishwa. Tazameni kibati cha namba, ambacho katika matrekta haya huwa mbele ya dereva, penye dashibodi karibu na usukani. Kama kimefunikwa na rangi, kisugueni polepole kwa kitambaa kilichotiwa mafuta ya taa. Msitumie tupa, msije mkaifuta namba yenyewe.

Katika matrekta ya zamani ya nchi yetu, mtakutana mara nyingi na ukoo wa Ferguson. Harry Ferguson alikuwa mtu wa Ireland, aliyezaliwa mwaka 1884. Yeye alifikiri namna ya kulifunga jembe nyuma ya trekta kwa mikono mitatu, na kuliinua kwa nguvu ya oili inayosukumwa na pampu, hata jembe na trekta vikawa kama kitu kimoja. Trekta lake dogo la kijivu, liitwalo TE20, lilitengenezwa Coventry, Uingereza, tangu mwaka 1946 hata 1956, na idadi yake ilipita 500,000. Herufi za kibati chake hueleza chakula chake. TEA ni la petroli. TED huwashwa kwa petroli, kisha hutumia mafuta yaliyo jamaa ya mafuta ya taa. TEF ni la dizeli. Alama nyingine ni hii: ili kuliwasha, mkono wa gia wenyewe husukumwa mpaka palipoandikwa S, ndipo stata huzungusha injini.

Mwaka 1953 kampuni ya Ferguson iliungana na Massey-Harris ya Kanada, na baadaye jina likawa Massey Ferguson. Trekta la 35 lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1956, kwanza la kijivu, kisha jekundu. Sasa sikilizeni vizuri. La dizeli la miaka ya mwanzo lilitiwa injini ya Standard yenye silinda nne, ambayo ilijulikana kwa uvivu wa kuwaka penye baridi. Mwishoni mwa mwaka 1959 likatiwa injini ya Perkins yenye silinda tatu, nayo ndiyo iliyolipatia sifa njema. Basi matrekta mawili yenye jina moja na rangi moja yaweza kuwa na injini mbili mbalimbali. Hapo ndipo nilipojikwaa.

Kibati kingaliweza kuniokoa. Katika namba za trekta la 35 la Uingereza, herufi ya pili hutaja injini: D ni dizeli ya silinda nne, na N ni dizeli ya silinda tatu. Lenye SDM ni la nne. Lenye SNM ni la tatu. Kisha fanyeni kama alivyofanya yule mama: hesabuni mirija itokayo katika pampu ya dizeli kwenda kwenye nozeli. Kibati na mirija vikipatana, vema. Visipopatana, jueni ya kuwa injini imebadilishwa. Hilo si dhambi, lakini lazima lijulikane kabla ya kulipa na kabla ya kuagiza spea. Injini ina namba yake yenyewe iliyogongwa katika chuma chake. Andikeni zote mbili, ya trekta na ya injini. Injini ile ya Perkins huitwa 3.152, maana yake silinda tatu, na ukubwa wa inchi za ujazo 152, yaani kama lita mbili na nusu.

Trekta la 135 lilifuata tangu mwisho wa mwaka 1964 hata 1975. Boneti yake ina pembe pembe, si ya kuviringana kama ya 35, na la dizeli lina injini ya Perkins ya silinda tatu.

Mkiisha kusoma namba, mjaribuni mgonjwa. Fikeni asubuhi mapema, wekeni mkono juu ya injini kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, mwenye kuuza ameiwasha ili kuwaficha jambo. Chomoeni kijiti cha kupimia oili: oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Fungueni kifuniko cha rejeta ingali baridi, mtazame kama kuna oili inayoelea juu ya maji. Likiisha kuwaka, inueni jembe, mzime injini. Jembe likishuka upesi, kuna mahali nguvu inapotelea. Shikeni magurudumu ya mbele na kuyatikisa, msikie kama yanacheza.

KULITUNZA

Wazee wa nchi hii wakumbuka habari ya Kongwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza pale kazi kubwa ya kulima karanga. Matrekta mengi yaliletwa, na mengi yao yalikuwa yamekwisha tumika vitani. Yalishushwa Dar es Salaam, yakapita hapa kwetu kwa reli ya kati. Huko yalikutana na udongo mgumu, visiki, na madereva waliofundishwa kwa haraka, na mafundi na spea havikutosha. Tangu mwaka wa kwanza sehemu kubwa yalisimama, na mwaka 1951 kazi yenyewe ikaachwa. Ikiwa dola kubwa ilishindwa kwa sababu hizo, sisi wenye trekta moja hatuna budi kuangalia zaidi.

Kila siku, kabla ya kuwasha, trekta likiwa mahali tambarare, pimeni oili ya injini na maji ya rejeta. Piga mswaki matundu ya rejeta, uondoe mbegu na makapi. Kazi hiyo ya dakika tano ingalituokolea gasketi yetu. Bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba: ukibonyea kadiri ya upana wa kidole, inatosha, ukilegea zaidi, injini itachemka.

Chujio la hewa la matrekta haya ya zamani lina bakuli lenye oili chini yake. Vumbi hunaswa humo badala ya kuingia katika silinda na kuzisaga kama msasa. Wakati wa kiangazi fungua bakuli kila siku. Ukiona tope, limwage, osha bakuli kwa dizeli, utie oili safi mpaka alama. Usipite alama, injini isije ikavuta oili.

Dizeli chafu ndiyo sumu ya pampu na nozeli. Acheni pipa litulie usiku kucha, kisha mteke kwa juu, wala mpira usiguse chini, kwa sababu maji na takataka hukaa chini. Jazeni tangi jioni, baada ya kazi, maana tangi tupu hutoa jasho ndani wakati wa baridi ya usiku. Dizeli ikiisha njiani, hewa huingia katika mirija, na trekta haliwaki hata likitiwa dizeli. Ndipo hewa lazima itolewe kwa mpango: kwanza kwenye skrubu ya chujio, kisha ya pampu, mwisho kwenye nati za nozeli, mpaka dizeli itoke bila mapovu.

Pigeni grisi kila nipeli, hasa za magurudumu ya mbele na za mikono ya jembe, mpaka grisi mpya itokeze. Lakini futeni kichwa cha nipeli kwanza, msije mkasukuma mchanga ndani. Oili ya injini sisi huibadilisha kila baada ya saa 100 za kazi, pamoja na chujio lake. Oili ya gia msiisahau. Katika ukoo huu wa Ferguson, pampu ya kuinulia jembe hunywa oili ile ile ya gia, kwa hiyo uchafu wa mahali pamoja huharibu pawili.

Watu husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ninyi mlio katika shirika, fungeni daftari kwa kamba karibu na kiti. Andikeni tarehe, saa za kazi, jina la dereva, oili iliyotiwa, grisi iliyopigwa, na kila sauti ngeni iliyosikika. Ukurasa wa kwanza uwe na namba ya trekta na namba ya injini. Shirika nyingi huvunjika kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ndiye aliyepima oili.

Neno la hatari. Matrekta haya ya zamani hayana paa la chuma la kumlinda dereva. Msivute kisiki kwa mnyororo uliofungwa juu. Fungeni chini, kwenye chuma cha kuvutia, la sivyo trekta litainua kichwa na kumwangukia dereva kinyumenyume, kufumba na kufumbua. Msipandishe watoto juu ya matairi. Mhimili unaozunguka nyuma, ambao huendesha mashine nyingine, katika kazi yake hufanya mizunguko 540 kwa dakika, yaani tisa kwa kila sekunde. Kanga au kanzu ikinaswa hapo, hakuna muda wa kupiga kelele. Kifuniko chake kikipotea, trekta lisitumike kwa mashine hiyo mpaka kipatikane kingine.

HABARI YA MASHINE YA MAJANI

Sasa nakuja kwako, mwalimu mwenzangu wa mashine ya majani. Mashine ya kwanza ya kukata majani ilibuniwa Uingereza mwaka 1830 na Edwin Budding, nayo ilisukumwa kwa mikono. Hizi za kuketi juu yake zilienea sana huko Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Nyingi zina injini ya Briggs & Stratton, nayo ni rahisi kuisoma kuliko trekta. Tafuta juu ya bati la injini mafungu matatu ya namba. Tarakimu za kwanza za fungu la kwanza ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo. Fungu la tatu ni siku ya kuzaliwa: tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, mbili zifuatazo mwezi, mbili nyingine siku. Ikianza 720615, injini ilitengenezwa tarehe 15 Juni 1972. Lakini kumbuka ya kuwa huo ni umri wa injini, wala si lazima uwe umri wa mashine nzima.

Kuitunza ni kama trekta, kwa kadiri ndogo: oili, chujio la hewa, betri. Kabla ya kuingiza mkono chini penye kisu, chomoa kwanza waya wa plagi, hata kama injini imezimwa. Ukiisha kunoa kisu, kining'inize katikati kwa msumari. Upande mmoja ukilala, punguza upande ule, maana kisu kisicho sawa hutikisa mashine mpaka nati zilegee. Usitie petroli injini ingali moto. Na wanafunzi waokote mawe uwanjani kwanza, kisha wakae mbali, kwa kuwa jiwe lirushwalo na kisu laweza kutoboa jicho.

Sasa namaliza habari ya trekta letu. Mwaka uliofuata tulipata gasketi ya matundu manne, kwa kutaja namba badala ya kutaja rangi. Halikuwa trekta tulilodhani kulinunua, na asubuhi za baridi lingali linagoma kwanza, lakini linalima. Tulipatana ya kuwa shamba la kwanza kulimwa liwe la yule mama. Daftari la trekta laandikwa na binti yake, naye haruhusu mtu kuliwasha kabla hajaonyeshwa kijiti cha oili. Nami, kila nikiitwa kwenda kutazama mashine ya mtu, huenda na kitambaa na kichupa cha mafuta ya taa mfukoni, na karatasi huzisoma mwisho.